Zamu hapewi ufunguo wa nyumba

Maswali ya wasomaji kuhusu kompyuta na programu, yanajibiwa kutoka Goma

SWALI: Yaya, jambo sana. Mimi ni kijana wa Kadutu, Bukavu. Tuko watu sita, kila mmoja ana nodi yake ndogo nyumbani, yaani kikompyuta cha mtandao wa Lightning wa kulipana bitcoin, tunalipwa satoshi, vipande vidogo vya bitcoin, kwa kazi tunazofanya kwenye intaneti. Umeme wa kwetu unaujua. Tumekubaliana nijenge huduma moja ya kuchunga chaneli zetu wakati nodi zimezimika, niiweke kwenye seva ya kukodi. API yake, yaani milango ambayo programu zao zinapitia kuongea na seva, nimeiandika kwa wiki mbili. Ina mlango mmoja tu: mtu anatuma muamala wa adhabu ulio kamili, jina lake na salio la chaneli, mimi nahifadhi na kumjibu "sawa". Anajitambulisha kwa tokeni niliyomtumia WhatsApp. Wanne wamekubali. Wa tano amekataa kabisa, anasema: "Nitajuaje kama umenilinda kweli? Na kwa nini ujue nina pesa ngapi?" Tumegombana. Ana haki, au ni ukaidi tu? Tena, niwaombe funguo zao za siri ili kazi iwe rahisi?

JIBU: Mdogo wangu, funguo usiwaombe. Tuanze hapo, maana hilo halina mjadala. Na huyo aliyekataa mpelekee soda. Ameisoma API yako vizuri kuliko wewe uliyeiandika.

Msomaji aliyeingia katikati ya maneno avumilie kidogo nimweleze. Chaneli ya malipo ni makubaliano ya watu wawili. Wanafungia bitcoin mahali pamoja panapohitaji sahihi za wote wawili, kisha wanalipana hata mara elfu bila kuandika kitu kwenye mnyororo, lile daftari la wazi la bitcoin. Kila malipo ni kama karatasi mpya ya mgawanyo inayoifuta ile ya jana. Joseph Poon na Thaddeus Dryja ndio walioandika mpango huu wa Lightning, mwaka 2016. Taabu ni kwamba karatasi ya jana haichomwi moto. Mwenzako bado anayo, na kama ya jana ilimpa zaidi, anaweza kuitangaza. Akiitangaza, fungu lake linafungwa kwanza kwa muda fulani, tuseme bloku 144 (bloku ni ukurasa mpya wa mnyororo), kama siku moja hivi. Ndani ya muda huo una haki ya kutuma muamala wa adhabu na kuchukua vyote, vyako na vyake. Lakini lazima uwe macho. Ukilala muda ukapita, basi.

Mimi nililazimika kulala mwaka 2021. Nyiragongo ililipuka Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei. Lava ikasimama Buhene, si mbali na uwanja wa ndege, tukashukuru Mungu. Alhamisi asubuhi, tarehe 27, ikatoka amri ya kuhama kwa mitaa kumi ya mji, na Majengo yetu ilikuwemo. Nilimbeba mama, watoto wawili, godoro moja na sufuria. Nodi yangu, kikompyuta cha ukubwa wa kipande cha sabuni, niliichomoa ukutani nikaiacha juu ya kabati. Mpaka leo sijui kwa nini sikuitia kwenye mkoba. Sake tulifika usiku, miguu imevimba. Watu wamelala barazani, mimi nimeshika simu yenye chaji ya mwisho, nahesabu bloku. Nilikaa nje ya nyumba siku kumi na mbili. Zidisha kwa 144, ni bloku 1,728. Chaneli yangu kubwa ilikuwa na satoshi milioni moja na laki mbili, zaidi ya dola 400 kwa bei ya wiki ile, na muda wake wa kusubiri ulikuwa bloku 144 tu. Mwizi angeweza kutangaza, kusubiri, kuchukua na kwenda zake mara kumi na mbili.

Hakuiba. Mwenzangu wa chaneli alikuwa mwaminifu, au hakujua kwamba nimezimika. Sikupenda kutegemea lolote kati ya hayo mawili, na tangu hapo nimekuwa najenga zamu.

Wasomaji wa Dar na Mombasa, kwenu zamu ni ya kupokezana. Kwetu huku zamu ni mtu, yule mlinzi wa usiku mwenye koti kubwa na tochi, anayekaa kwenye geti. Huduma anayojenga huyu kijana ni zamu, na mimi nikitaka kujua API ya namna hii imekaa vizuri, namfikiria zamu wetu wa Majengo. Anajua sauti ya geti. Anajua apige filimbi saa ngapi. Hajui pesa ziko kabati gani, na ufunguo wa chumba hana. Wewe umemjenga zamu anayekaa sebuleni na daftari la akiba za watu sita.

Basi tuondoe daftari. Nodi ya mteja inapofuta hali ya zamani, ile karatasi ya jana, tayari inaijua heshi ya muamala ule wa zamani, yaani alama yake ya kipekee iliyokokotolewa kutoka humo, baiti 32. Programu ya mteja ichukue baiti 16 za kwanza: hiyo ndiyo namba ya droo. Kisha itengeneze ufunguo kutokana na heshi nzima, isimbe muamala wa adhabu kwa ufunguo huo, na ikutumie droo na fumbo. Basi. Kwangu mimi ombi linaonekana hivi:

{"droo":"9f3c…", "fumbo":"a71e…", "kusubiri":144, "sahihi":"…"}

Jina halimo, salio halimo, hata chaneli ni ipi huijui. Wewe una nusu ya heshi, na nusu iliyobaki haikisiki. Siku mwizi akitangaza ile karatasi ya zamani, heshi yote ya baiti 32 inakuwa hadharani kwenye bloku. Unaikata nusu, unatafuta droo, unaikuta, unafungua fumbo kwa heshi nzima, ndani kuna muamala ambao mteja ameshausaini na unaolipa kwenye anwani yake mwenyewe. Kazi yako ni kuurusha. Hata ukiwa mwizi, hauna cha kuiba. Kuna tofauti ndogo kati ya programu moja na nyingine kuhusu jinsi droo na ufunguo vinavyokokotolewa, kwa hiyo chagua namna moja, iandike kwenye maelezo ya API yako, na usiibadilishe kimyakimya.

Hapo kuna shimo nililotumbukia, nakuonyesha ili upite kando. Heshi za bitcoin zina tabia mbaya: zinapoonyeshwa kwa macho ya watu, baiti zake zinageuzwa, ya mwisho inakuja mbele. Mimi upande wa mteja nilikata nusu ya kwanza ya ile inayosomwa kwenye skrini. Upande wa seva nilikuwa nakokotoa heshi mwenyewe kutoka kwenye bloku ghafi, bila kugeuza. Majaribio madogo yote yalipita, maana kila kipande nilikijaribu peke yake na data niliyoitunga mimi. Nikaenda regtest, mnyororo wa kuchezea ambapo bloku unajitengenezea mwenyewe, nikajiibia: nikazima nodi ya mwenye mali, nikatangaza hali ya zamani, nikaanza kutengeneza bloku moja moja. Ya kwanza, zamu kimya. Ya kumi, kimya. Nilikuwa nimepika sambaza, ziliungua. Ya mia na arobaini na nne, mwizi akachukua pesa yake ya kuchezea akaondoka. Zamu alikuwa anatafuta droo kwa nusu ya nyuma. Andika kwenye maelezo yako, kwa maneno na kwa mfano mmoja kamili wenye heshi ya kweli, ni mpangilio gani wa baiti unaoutaka. Mfano huo utaokoa watu usiku mwingi.

Sasa jambo ambalo naona hukulifikiria, na wengi hawalifikirii. Mwizi naye anaijua heshi ya karatasi ya zamani. Ni karatasi yake! Kwa hiyo akijua wewe ndiye zamu, anaweza kujiandikisha kama mteja, akatuma takataka kwenye droo ile ile kabla ya mwenye mali. Kama API yako inasema "droo hii ina kitu tayari, nakataa", umemsaidia mwizi kufunga mlango. Kama inasema "kipya kinafuta cha zamani", ni vilevile, atasubiri atume wa mwisho. Kila rekodi kwenye hifadhidata yako itambulike kwa mteja na droo kwa pamoja. Droo moja inaweza kuwa na mafumbo matatu ya watu watatu. Siku ikifika, jaribu kufungua yote, takataka itashindwa kufunguka yenyewe, uitupe. Na mtu akiuliza habari ya droo isiyo yake, jibu 404, namba ya "hakuna", ile ile unayoitoa kwa droo isiyokuwepo kabisa. Ukimwambia "ipo lakini si yako", umeshamwambia kwamba mwenzake analindwa hapo.

Nafika kwenye neno lililowagombanisha: "sawa".

Ukienda kwa kambisti, mbadilisha fedha, pale Birere ukamkabidhi mafranga akutumie kwenye simu, unaondoka akisema "sawa"? Unasimama. Jua linakuchoma, motari anakupigia honi, unasimama hivyo hivyo mpaka mesaji iingie kwenye simu yako, na unaisoma namba. Rafiki yako anaidai mesaji hiyo. API yako ijibu kwa risiti: sahihi ya mteja aliyoweka kwenye ombi, urefu wa mnyororo (idadi ya bloku) zamu alipoanza kulinda, na juu ya hivyo viwili sahihi ya zamu kwa ufunguo wa zamu, unaojulikana na wote. Mteja anaihifadhi kwake. Ikitokea karatasi ya zamani imeingia kwenye mnyororo baada ya urefu ule, na adhabu haikurushwa, ushahidi uko mezani: mnyororo unaonyesha wizi, risiti inaonyesha ulikuwa umekubali kulinda. Huwezi kusema "sikupokea". Lakini elewa, risiti hairudishi pesa. Inaua ubishi tu, na katika kundi la watu sita wanaocheza likelemba (upatu) pamoja, hilo si dogo.

Ukishaamua kutoa risiti, mambo mengine yanajipanga yenyewe. Risiti isitoke kabla data haijakaa kwenye diski, si kwenye kumbukumbu ya muda, kwenye diski. Ombi likirudiwa, risiti irudi ile ile. Hili la kurudiwa ni la kwetu hasa: mtandao unakatika ombi limeshafika na jibu halijarudi, programu ya mteja inatuma tena, na seva nyingi nilizoziona zinajibu kwa hasira "tayari lipo" na kosa la 409. Mteja hana risiti, hajui kama analindwa, anajaribu tena, anapigwa 409 tena. Kwenye droo ile ile, mteja yule yule, fumbo lile lile, jibu liwe 200, namba ya "imekubaliwa", na risiti ya mwanzo. Ndiyo maana napenda risiti iandikwe na kuhifadhiwa, isitengenezwe upya kila mara na urefu mpya.

Tokeni za WhatsApp zitupe. Mteja ana nodi, nodi ina ufunguo wa kusaini. Asaini kila ombi, wewe uhakiki. Mlango wa kujiandikisha upokee ufunguo wa hadharani tu. Ukiibiwa hifadhidata kesho, mwizi hatapata hata tokeni moja ya kumuigiza mtu. Tahadhari moja: mteja asitumie ufunguo mkuu wa nodi yake, atengeneze mwingine kwa ajili ya zamu, la sivyo umeshamjua ni nodi gani na tulikuwa tunajaribu kutokujua.

Mimi nina milango minne, majina yake ya Kiswahili kwa sababu ni API yangu na hakuna aliyenikataza: /jiandikishe, /weka, /uliza, /hali. Wa mwisho ni mfupi kuliko yote na ndio ninaoupenda. Unarudisha urefu wa bloku ya mwisho ambayo zamu ameisoma. Ni hiyo namba tu. Mteja akiona mnyororo uko mbele kwa bloku ishirini na zamu bado yuko kule kule, anajua zamu amelala na koti lake usoni. Namba hiyo nairudia kwenye kila jibu la API, hata la kosa.

Na zamu atalala, hata seva ya kukodi huanguka. Andika kwenye diski heshi ya bloku ya mwisho uliyomaliza, na ukiamka uanzie hapo, usianzie kwenye bloku ya sasa. Nimesoma programu ya mtu, mzuri tu, ambayo kila ikiwashwa ilianza kuangalia "kuanzia leo". Saa sita za giza zilipotea kila mara na hakuna kosa lililoandikwa popote. Nimesema heshi na si urefu peke yake, kwa sababu bloku za mwisho zinaweza kubadilishwa na nyingine. Kwa sababu hiyo hiyo usifute droo mara tu adhabu inapoingia, subiri izikwe chini ya bloku nyingi. Mimi nasubiri 100.

Huhitaji kuhifadhi mnyororo mzima, ambao umepita gigabaiti 600. Bitcoin Core, programu kuu ya nodi ya bitcoin, inaweza kupunguzwa ibakize megabaiti 550 tu za bloku za karibuni, maana zamu anaangalia mbele. Ila kuupakua utaupakua wote mara moja, kwa hiyo fanya hiyo kwenye seva ya kukodi. Kwa bando za simu za Bukavu utamaliza ukiwa na wajukuu.

Kuhusu ada ya muamala sina dawa kamili. Muamala wa adhabu umesainiwa zamani na ada yake imo ndani. Tarehe 20 Aprili 2024, bloku ya 840,000, zawadi ya wachimbaji, wale wanaotengeneza bloku, ilikatwa nusu na siku hiyo hiyo wakaja watu wa Runes, sarafu zinazoandikwa juu ya mnyororo wa bitcoin, ada zikapaa mno. Adhabu iliyosainiwa kwa ada ya siku tulivu ingekaa kwenye foleni huku saa ya mwizi inaenda. Kinachosaidia ni muda wa kusubiri mrefu. Waambie wenzako waombe muda mrefu wanapofungua chaneli. LND, mojawapo ya programu za nodi za Lightning, kwa chaneli kubwa hufika bloku 2,016, wiki mbili. Kwa watu wanaoishi chini ya volkano, au kwenye mteremko wa Kadutu unaobomoka kila mvua, wiki mbili si anasa.

Bei nitaipita haraka. Kila malipo kwenye chaneli ni fumbo jipya la baiti mia chache, na ya zamani huwezi kuyatupa. Uza nafasi: mtu alipie nafasi elfu kumi kwa idadi fulani ya bloku. Hesabu kwa bloku, si kwa tarehe. Zikiisha, jibu 402, namba ya "lipa kwanza" ambayo imekaa kwenye kanuni za HTTP tangu miaka ya 1990 ikingoja kazi. Fumbo likizidi baiti 2,048, kataa. Kwa sita mnaojuana ungeweza kutoa bure, lakini weka kikomo, maana programu yenye kasoro kwa mteja mmoja inaweza kujaza diski ya wote usiku mmoja bila mtu kuwa na nia mbaya.

Ukimaliza, mwite yule aliyekataa. Mpe regtest, mwambie awe mwizi, wewe uwe zamu. Na seva yako uichomoe katikati ya wizi, uirudishe baada ya bloku sabini.

SWALI: Naandika kutoka Lubumbashi, komini ya Kenya. Mdogo wangu ananiomba dola 15 kila mwezi, anasema ni za "zamu wa bitcoin". Mimi nauza unga, sijui mambo hayo. Ni wizi?

JIBU: Mama, jina la kazi ni la kweli, umeshalisoma hapo juu. Bei sijui, inategemea. Muulize vitu viwili tu. Kwanza, huyo zamu amemwomba ufunguo au yale maneno 12 au 24 ya siri? Kama ndiyo, si zamu huyo, mdogo wako aondoe pesa zake leo hii. Pili, akuonyeshe risiti. Hutaielewa, ni herufi na namba tu zisizo na maana kwa macho, lakini iwepo, ihifadhiwe kwenye kompyuta yake mwenyewe, na ajue kukueleza imeanzia bloku ya ngapi. Akikuonyesha skrini ya WhatsApp iliyoandikwa "sawa", hizo dola 15 ongezea gunia la unga.